Wastaafu Wetu wa Arua na Koboko: Afya, Baraza na Lugha

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituuliza darasani ni ipi kauli sahihi: "mhadhiri amestaafu" au "mhadhiri amestaafishwa". Tulimjibu kisarufi, kama ilivyo ada yetu. Kustaafu ni kuacha kazi kwa kutimiza umri au kwa hiari. Kustaafishwa kuna viambishi viwili vya mnyambuliko, -ish- cha kusababisha na -w- cha kutendwa. Maana yake ni kwamba yuko mwingine aliyemfanya mtu huyo aache kazi. Tukadhani tumemaliza. Baada ya kipindi alitufuata ofisini akatueleza chanzo cha swali lake. Babu yake alifundisha fizikia katika chuo kikuu kimoja mjini Kampala kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani Koboko. Kila anapoombwa jambo, Mzee huyo hujibu: "Mimi nimestaafishwa." Akialikwa kwenye kwaya, amestaafishwa. Akiitwa kucheza bao chini ya mwembe, amestaafishwa. Hata daktari alipomshauri atembee kila siku, jibu likawa ni lile lile.

Makala haya yametokana na swali hilo. Tunakusudia kueleza mambo tuliyojifunza tulipojaribu, sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kuandaa mikutano ya afya na mazungumzo pamoja na wastaafu wa vyuo vikuu waliorudi Arua na Koboko. Huenda msomaji akauliza idara ya lugha inatafuta nini katika masuala ya presha na kunyoosha viungo. Sisi wenyewe tulijiuliza. Tuanze basi na kile tunachokijua, yaani maneno.

Kitenzi kustaafu tumekipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kuomba kuachiliwa au kupewa udhuru katika kazi. Shina lake la konsonanti ni lile lile lililotupatia neno afya. Vilevile afu, yaani msamaha, na afua, yaani kuokoka na balaa, ni ndugu zao. Kwa hiyo mstaafu na mwenye afya ni watu wa ukoo mmoja katika lugha, ingawa katika maisha mara nyingi hawakutani. Tulipomweleza Mzee wa Koboko jambo hili alilitafakari kidogo, kisha akauliza kama undugu huo unalipwa kila mwezi.

Tazama pia maneno tunayoyatumia kwa fedha za mstaafu. Kiinua mgongo ni malipo ya mkupuo anayopewa mtu anapoacha kazi. Picha iliyomo ni ya mtu aliyeinama miaka yote juu ya jembe au juu ya meza, ambaye sasa anasaidiwa kunyooka. Kenya nayo, ilipoanza mwaka 2018 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi, iliiweka ruzuku hiyo katika mpango uitwao Inua Jamii. Kitenzi ni kile kile. Tanzania wanapenda neno mafao, linalotokana na kufaa. Neno hili hutupa kazi nzuri darasani, kwani mafao ni yale yanayomfaa mstaafu, na wanafunzi wetu waligundua wenyewe kwamba hakuna nomino iliyozoeleka ya yale ambayo mstaafu naye anawafaa wengine.

Lile neno la kisasa ambalo wengine huliandika "welinesi" halijapata tafsiri moja iliyokubalika. Tumeona siha, ustawi, hali njema. Sisi tunapendelea uzima. Ni neno la Kibantu, wazee wa Uganda wanalijua hata wale wenye Kiswahili cha sokoni, na limebeba maana ya kutokupungukiwa. Kitu kizima hakijavunjika. Mtu mzima ni aliyekomaa, na kwa heshima tunamwita hivyo mtu mwenye umri mkubwa. Anayejibu "mzima" anapojuliwa hali hasemi habari za damu na mifupa peke yake.

Sasa tuingie katika hali halisi. Mtumishi wa umma nchini Uganda hustaafu kwa lazima akifikisha miaka 60, na sheria inamruhusu kuomba kustaafu mapema akiwa na miaka 45 iwapo ametumikia miaka 10. Vyuo vikuu vina taratibu zake, na wapo wahadhiri wanaoongezewa mikataba, lakini siku hufika. Nyumba ya chuo hurudishwa. Aliyetoka West Nile hupakia vitabu vyake na kusafiri kiasi cha kilomita 500 kutoka Kampala, kupitia Karuma na Pakwach, kurudi kwenye kiwanja alichojenga pole pole wakati wa likizo. Watoto wake wamebaki Kampala au wamekwenda mbali zaidi. Wenzake waliokuwa wakinywa chai pamoja saa nne asubuhi wametawanyika Mbale, Gulu na Mbarara.

Arua anayorudi si ile aliyoiacha. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013, kiko hapo, na vyuo vingine vina kampasi mjini. Koboko, ambayo mpaka mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua, sasa ni wilaya yenyewe, na mji wake umekua kwa biashara ya mipaka miwili, wa Kongo na wa Sudan Kusini. Mambo haya ni mazuri. Ila mstaafu anapotembea mjini hukuta nusu ya watu hawamjui, na nusu inayomjua humwendea kwa shida ya karo.

Tuliwauliza wazee kadhaa hukutana wapi na wenzao. Majibu yalifanana mno. Hukutana benki, kwenye uhakiki wa wastaafu ambapo mtu huthibitisha kwamba bado yu hai, katika foleni ya hospitali, na matangani. Mama mmoja aliyekuwa mkutubi alisema kwamba katika mahali hapo pote panne anaulizwa namba, isipokuwa matangani, ambako anaombwa kusema maneno mawili matatu. Tulicheka naye, kisha tukanyamaza.

Serikali haijawasahau kabisa wazee. Sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ilipitishwa mwaka 2013, na tangu uchaguzi wa mwaka 2021 wazee wana wabunge watano wanaowawakilisha. Ruzuku ya wazee, shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, ilianza kwa majaribio katika wilaya chache na baadaye ikaenezwa nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi. Lakini mwalimu wa chuo aliyestaafu ana miaka 60 au 65, ana pensheni yake, kidogo au kubwa, na kwa macho ya mipango hii yeye si mhitaji. Njaa yake ni nyingine.

Mfano wa mbali ulitusaidia kufikiri. Mwaka 1973, mjini Toulouse, Ufaransa, kilianzishwa kile kilichoitwa Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu, ambapo walimu wa chuo waliwafundisha wazee. Ulipofika Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango huo uligeuzwa. Wazee walianza kufundishana wenyewe, bila mtihani wala cheti, kila mmoja akitoa anachokijua na kuchukua asichokijua. Kwa maoni yetu, sura hii ya pili ndiyo inayoafikiana na mazingira yetu, kwa kuwa haihitaji jengo wala bajeti. Inahitaji kivuli, na kivuli cha miembe Arua na Koboko ni tele.

Pwani wangeliita jambo hili baraza. Nyumba za Lamu, Mombasa na Zanzibar zina benchi la mawe mbele ya mlango, na hapo watu huketi, hunywa kahawa, hucheza bao na hupeana habari za mji. Nchini Uganda neno hilo limepata kazi rasmi, kwani tangu mwaka 2009 baraza ni mkutano ambapo viongozi wa wilaya huwaeleza wananchi fedha za umma zimetumikaje. Kwa hiyo tulipowaambia wazee wa Koboko kwamba tutafanya baraza, mmoja aliuliza ni mkandarasi gani anayekuja kuhojiwa. Walimu wa Kiswahili nchini Uganda wakumbuke jambo hili: neno moja la Kiswahili laweza kuwa na benchi pwani na meza ya viongozi huku.

Mwaliko wetu wa kwanza uliharibika vibaya. Wanafunzi waliuandika, nasi tukauidhinisha bila kuusoma kwa makini, kosa ambalo ni letu na si lao. Waliandika kwamba idara inawaalika "vikongwe wasiojiweza" kwenye "semina ya mazoezi", na kwamba "posho itatolewa". Wiki moja baadaye barua ilirudi kutoka Koboko. Yule Mzee wa fizikia alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu na kuipa alama 3 kati ya 20.

Tulistahili alama hizo. Kikongwe lipo kwenye kamusi na si tusi, lakini liko katika ngeli ya KI-VI, ambayo mbali na vitu ndiyo tunayoitumia kudunisha. Mtu akishaingizwa humo huhisi amewekwa kabatini pamoja na viti na vikombe. Wazee, wastaafu, watu wazima, hata wakongwe wa ngeli ya A-WA, ni maneno yanayombakiza mtu kuwa mtu. Wasiojiweza ni kosa lisilohitaji maelezo. Ama posho, hilo lilituchekesha sote. Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, ambako tulisomea, posho ni fedha za kujikimu. Uganda posho ni ugali. Kando ya neno hilo Mzee alikuwa ameandika: "Na mboga je?"

Mwaliko wa pili ulikuwa na kosa la aina nyingine. Kwa kuogopa wino mwekundu tuliandika kwa unyenyekevu mwingi kwamba wazee waje "kutufundisha". Walikuja kumi na mmoja. Walipofika wakakuta meza ya muuguzi na kipimo cha presha. Hapo Mzee alisema, kwa sauti ya darasani, "Msiniite kufundisha kisha mkanikamata mkono." Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo mialiko yetu husema wazi: tutapimana presha, tutanyoosha viungo, kisha tutazungumza. Kauli ya kutendana iliyomo katika kupimana hatukuiweka kwa urembo. Kila mwanafunzi na kila mwalimu naye hukaa kwenye kiti kile na kukunja shati. Katika kikao kilichofuata, aliyekutwa na presha ya juu kuliko wote alikuwa mmoja wetu, na wazee walimpa nasaha juu ya chumvi kwa furaha isiyo na kifani.

Juu ya chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo tayari katika mkate na samaki wakavu. Shinikizo la damu halipigi hodi; mtu anaweza kulibeba miaka mingi bila maumivu, hadi siku ya kiharusi. Ndiyo maana kipimo kinatangulia mambo mengine yote. Kuhusu mazoezi, mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima, wakiwemo wenye miaka 65 na zaidi, wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Tunapenda kipimo hicho kwa sababu hakihitaji saa wala mashine. Kwa wenye umri huo unaongezwa ushauri mwingine, kwamba siku tatu au zaidi kwa wiki wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha, kwa kuwa misuli hupungua kadiri miaka inavyosonga, na anguko moja bafuni linaweza kumlaza mtu miezi.

Zoezi letu kuu ni la kiti. Mtu hukaa, huinuka bila kushika, hukaa tena. La pili ni kusimama kwa mguu mmoja huku mkono ukiwa karibu na egemeo la kiti. Ni mambo mepesi kuyasema. Namna ya kuyasema ndiyo iliyotupa shida. Mwanafunzi aliyeongoza siku ya kwanza alisema "Inuka! Kaa! Inua mguu!" kama anayefundisha watoto, na nyuso zikabadilika. Tukambadilishia hali ya amri kwa nafsi ya kwanza wingi: "tuinuke", "tukae", "tuinue mguu". Msemaji akishajiingiza ndani ya kitenzi hana budi naye ainuke. Tunawashauri walimu wafundishe dhamira tegemezi kwa njia hii. Hatujawahi kuona darasa lililoielewa haraka hivyo.

Halafu sheria hiyo ikavunjwa, tena kwa raha. Jirani wa mmoja wa wastaafu, askari wa zamani, alikuja kutazama. Alipoona mistari yetu imepinda hakuvumilia. "Mguu pande! Mguu sawa! Nyuma geuka!" Wahadhiri na wapishi wastaafu wakageuka kama vijana. Amri ile ile ambayo kinywani mwa kijana wa miaka 20 ingekuwa utovu wa adabu, kinywani mwa mzee mwenzao ilikuwa mchezo. Sasa sehemu hiyo ya mazoezi ni yake.

Tumetaja wapishi. Wastaafu wa chuo kikuu si wahadhiri peke yao, ingawa waandaaji wa shughuli kama hizi husahau. Madereva, wakutubi, makatibu muhtasi, mafundi wa maabara na wapishi wa mabweni waliishi chuoni miaka 30 kama maprofesa, na wengi wao wanajua Kiswahili kuliko maprofesa. Akina mama hasa ndio tuliokuwa tunawakosa. Tuliweka kikao saa moja asubuhi ili kulikwepa jua, ambalo katika kiangazi cha Desemba hadi Februari ni kali sana Arua. Hawakuja. Tulidhani hawapendi, kumbe saa hiyo ndiyo wanayowaandaa wajukuu kwenda shule. Tulipohamishia kikao saa kumi jioni walijaa. Mmoja wao alituambia kwamba mume wake alistaafu kazi moja, naye kazi moja pia, lakini alikuwa na mbili.

Baada ya mazoezi huletwa chakula kidogo, kwa mchango. Hapa kuna tanbihi kwa wenzetu watakaotutembelea kutoka Tanzania. Mkikaribishwa osubi msishtuke. Kwa Kilugbara hayo ni majani ya kunde, mboga nzuri mno. Usubi wetu, mdudu anayeuma, na ugonjwa wa macho unaoitwa kwa jina lake, ni jambo lingine kabisa.

Sehemu ya mwisho ya kikao ndiyo iliyo ndefu, nayo ndiyo iliyotufanya tuelewe kwa nini idara ya lugha inahusika. Wastaafu hawa wana Kiswahili ambacho hakimo vitabuni mwetu. Mzee wa fizikia alikiokota utotoni katika kambi ya jeshi mjini Jinja, ambako baba yake alikuwa askari. Wengine walikuwa shuleni mwaka 1973 Idi Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Wengine wengi walikipata ukimbizini, kwani baada ya vita vya mwaka 1979, na mapigano yaliyofika Koboko mwaka 1980, watu wa West Nile walivuka mipaka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Aliyevuka akiwa na miaka 20 alirudi akiwa na Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili juu ya Kikakwa au Kilugbara chake. Koboko utasikia zote katika mazungumzo ya nusu saa, pamoja na Kinubi.

Wanafunzi wetu walisikia makosa. Mzee akisema "watoto yangu iko tatu", kalamu zilitikisika. Tuliwawekea masharti mawili. La kwanza, katika baraza hakuna kusahihisha. Mtu anayekatizwa kwa ajili ya upatanisho wa kisarufi hunyamaza, na tulikuwa tumekwenda huko ili asinyamaze. Waandike walivyosikia, kisha darasani tujadili kwa nini ngeli hupungua Kiswahili kinapokuwa lugha ya kambi na ya soko. La pili, wasiulize habari za ukimbizi. Mzee akizigusa mwenyewe, wasikilize. Asipozigusa, waulize habari za michezo, mapishi, shule. Na kinasa sauti kisiwashwe kabla ya ruhusa. Mwanafunzi mmoja alisahau, akauliza moja kwa moja, na mama aliyekuwa akisimulia vizuri juu ya kupika kwa ajili ya wanafunzi 600 aliondoka mapema siku hiyo. Alirudi baada ya miezi miwili.

Tulijifunza pia kuzungumza na masikio yaliyochoka. Kupiga kelele hakusaidii. Kaa mbele ya mzee, usoni pawe na mwanga, sema taratibu, usizibe kinywa kwa karatasi. Wenye mtoto wa jicho wapewe maandishi makubwa, na waelezwe kwamba tatizo hilo hurekebishwa kwa upasuaji mfupi. Na kila mmoja aitwe kwa jina lake la heshima. Aliyekuwa mwalimu ataitwa Mwalimu mpaka mwisho. Jina hilo halina umri wa kustaafu.

Kikwazo kikubwa ni usafiri. Kutoka Koboko hadi Arua ni kiasi cha kilomita 55 za lami, si mbali kwa gari, lakini nauli ya bodaboda kutoka kijijini hadi barabarani, kisha ya teksi, kisha kurudi, ni fedha ya mboga ya siku kadhaa. Tulipojaribu kuwakusanya wote Arua, wa Koboko walipungua. Sasa tunapokezana, mwezi mmoja huku, mwezi mwingine kule, na sisi ndio tunaosafiri.

Jambo moja bado linatuuma. Mstaafu mmoja, aliyekuwa fundi wa maabara na ambaye hakukosa vikao vitatu vya kwanza, hakuonekana katika cha nne. Tulidhani ana shughuli. Kumbe alikuwa amepata kiharusi, naye alikaa nyumbani wiki tatu mke wake akihangaika peke yake, ilhali kati yetu walikuwemo watu wanaoishi karibu naye. Kipimo tulikuwa nacho, orodha ya mahudhurio tulikuwa nayo, na hakuna aliyeuliza. Baada ya hapo wazee wenyewe walijipanga wawili wawili kwa ujirani, na kila jioni mmoja humpigia mwenzake au humtuma mjukuu. Salamu zao ni fupi. "Mzima?" "Mzima." Asipojibu, mtu huenda. Fundi yule sasa anatembea kwa mkongojo na maneno yanamrudia polepole, zaidi yale ya Kilugbara. Wanafunzi wawili humtembelea kusoma naye kwa sauti, jambo ambalo mtaalamu wake wa tiba alilikubali.

Kuhusu Julai, tuna ombi kwa walimu wenzetu. Tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na mwezi huohuo Uganda huadhimisha siku ya kitaifa ya mazoezi ya mwili, iliyozinduliwa mwaka 2018. Desturi yetu siku kama hizo ni kuwaketisha wazee hemani, kuwapa maji ya chupa na kuwangoja wapige makofi. Safari hii tunaomba wapewe nafasi katika ratiba yenyewe, kabla ya wageni rasmi hawajachukua muda wote.

Mzee wa Koboko ameshachagua mada. Atazungumza dakika 15, kwa Kiswahili, kueleza kwa nini mtu mwenye umri huanguka: kitovu cha uzito wa mwili kiko wapi, kwa nini miguu iliyopanuliwa kidogo husaidia, mkongojo huongeza nini. Kwa wiki kadhaa amekuwa akitupigia simu kuuliza istilahi, na tatu kati ya tulizompa amezikataa kwa sababu za kifizikia ambazo hatukuweza kuzipinga. Mjukuu wake ndiye atakayeshika kiti wakati wa maonyesho. Anahitaji ubao mweusi, si mweupe, chaki za rangi mbili, na kiti imara chenye egemeo. Mwenye ubao wa kukopesha awasiliane na idara kabla ya mwisho wa Juni.